Taja kwanza mkono, ndipo umtaje Mungu

Mtoto akiokotewa daftari na mwenzake, mzazi mcha Mungu huwa na haraka ya kusema, "Unaona? Mungu ni mwema." Kiimani sentensi hiyo haina kasoro. Tatizo ni mahali ilipowekwa. Daftari limeokotwa na mtoto mwenye jina, aliyeinama, aliyepoteza nafasi yake kwenye mstari kwa sababu ya kuinama, na huyo hajatajwa. Anachosikia mtoto wa miaka minne ni kwamba aliyeinama hahusiki. Irudie hivyo mara mia na utalea mtu anayemshukuru Mungu kwa sauti huku akiwapita watu kimya kimya. Au utalea yule wa pili, anayekua akiamini kwamba "Mungu" ni neno ambalo wakubwa hulifunikia mambo wasiyotaka kuyaeleza.

Waislamu wana hadithi isiyozunguka kwenye jambo hili, iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi: asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Kwenye Biblia, Paulo analifikia kwa njia nyingine katika 2 Wakorintho 7. Amefika Makedonia akiwa hoi, nje vita, ndani hofu, kisha katika mstari wa 6 anasema Mungu aliwafariji kwa kuja kwake Tito. Mungu yumo, Tito naye yumo kwa jina lake. Kiswahili chenyewe kimelizoea jambo hili: ukimwambia mtu "Mungu akuzidishie" umemtaja Mungu na aliyetenda kwa pumzi moja. Mtoto anachohitaji ni kuzoezwa kusikia pande zote mbili za maneno hayo.

Maswali manne, na mpangilio wake

Mzoeze kwa maswali manne juu ya mtu aliyemsaidia siku hiyo. La kwanza ni "Ilikuwaje?" Hapa tafuta kitenzi, sifa iache. "Dada alikuwa mzuri" haimpi mtoto kitu cha kushika. "Dada alipiga goti akanifunga kamba za kiatu" inampa picha nzima. La pili ni "Ni nani?" Jina kama linajulikana, na kama halijulikani, alama: yule mzee mwenye kofia, yule aliyekaa dirishani. La tatu: "Yeye imemgharimu nini?" La nne: "Wema huo umeanzia wapi?"

Wengi huliruka la tatu kwa sababu halina harufu ya dini, na hapo ndipo somo linapofia. Gharama ndiyo inayomwonyesha mtoto kwamba yule mtu alikuwa na njia nyingine mbele yake akaiacha. Asipoona hilo, aliyesaidiwa atadhani amebahatika tu, na bahati haimpeleki mtoto kwa Mungu wala kwa jirani. Usiifunge gharama kwenye fedha. Dakika tano ni gharama. Nguo kuchafuka ni gharama. Kuchekwa na wenzako kwa kukaa na yule asiyependwa darasani ni gharama kubwa kuliko zote kwa mtoto wa miaka tisa, na yeye mwenyewe anajua hivyo kuliko wewe.

Swali la nne lijibiwe kwa sentensi moja, fupi. Yakobo 1:17 inasema kila kutoa kulikokwema hutoka juu, na kwa mtoto inatosha kusema: "Mungu ndiye anayetia huruma ndani ya watu, na leo huruma hiyo imekufikia kupitia kwake." Angalia sana kitenzi utakachotumia. Ukisema Mungu "alimfanya" akusaidie, umemgeuza yule dada kuwa mwanasesere mwenye kamba mgongoni, na gharama yake yote imefutika. "Kupitia kwake" na "pamoja naye" yanamwacha mtu akiwa mtu.

Hivi ndivyo yanavyosikika maswali hayo usiku, kwa mtoto wa miaka sita, taa ikiwa bado inawaka:

"Leo kuna mtu alikusaidia?"

"Dada mmoja mkubwa."

"Ilikuwaje?"

"Kamba ya kiatu ilifunguka pale mlangoni. Akanifunga."

"Yeye alikuwa anakwenda wapi?"

"Kucheza. Wenzake walishatoka."

"Na wakati anakufunga, wenzake walikuwa wanafanya nini?"

"Wanacheza." Kimya. "Yeye alikuwa bado."

"Kwa nini hakupita tu, mwanangu?"

"Si aliniona!"

Hapo mama asiseme neno kwa pumzi mbili tatu. Mtoto amefika mwenyewe kwenye neno ambalo Hajiri, mjakazi aliyetoroka, alilifikia jangwani, katika Mwanzo 16:13, alipomwita Mungu kuwa ni Mungu amwonaye. Sasa sentensi ya nne inaingia bila kusukumwa: "Mungu naye anakuona. Leo amekuona kwa macho ya yule dada." Kisha sala ya mstari mmoja, aitunge mtoto. Halafu lile swali linaloshusha kila kitu kutoka kitandani hadi kesho: "Ukikutana naye utamwambia nini?"

Kiasi

Dakika tatu hadi tano. Mtu mmoja kwa usiku mmoja, hata kama mtoto ana orodha. Mara tatu kwa wiki zinatosha. Kila siku hugeuka kuwa kodi, na anayedaiwa kodi kila siku hujifunza kughushi. Dalili ya kughushi ni majibu yanayofanana siku tatu mfululizo, au wema mkubwa mno uliotokea mahali ambapo mtu mwingine yeyote hakuwepo. Ukiiona, usimkamate kwa uongo. Pumzika wiki nzima, uanze upya kwa kusimulia wema uliotendewa wewe.

Usiulize mtoto akiwa na njaa, wala usiulize punde baada ya kumwadhibu. Na usichanganye maswali haya na hesabu ya makosa ya siku. Ignas wa Loyola, padre wa Kikatoliki ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yalichapishwa mwaka 1548, aliipanga hesabu ya dhamiri kwa hatua tano, na ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema yaliyopokewa; makosa yanakuja nyuma. Wazazi wengi huanzia kwenye makosa, wakafika kwenye shukrani mtoto akiwa ameshafunga masikio. Kwa mtoto chini ya miaka saba ningeacha hatua ya kwanza isimame peke yake.

Umri hubadilisha swali

Kati ya miaka miwili na mitatu, maswali ya kwanza mawili tu, na mara nyingi utayajibu wewe. "Kaka amekushika mkono. Asante, kaka. Asante, Mungu." Basi. Yaseme hapo hapo tukio likiwa bado moto, kwa sababu mtoto huyu usiku atakuwa ameshalisahau.

Kwenye miaka minne kitu kinafunguka. Tangu kazi ya Wimmer na Perner ya mwaka 1983, wanasaikolojia wameonyesha mara nyingi kwamba karibu na umri huo mtoto huanza kuelewa kuwa mtu mwingine anaweza kuamini jambo ambalo yeye mtoto anajua si kweli. Yaani kichwa cha mwenzake kina mambo yake. Kabla ya hapo, "kwa nini hakupita tu?" ni swali gumu lisilo na sababu ya kuulizwa. Baada ya hapo ndilo swali tamu kuliko yote.

Kuanzia miaka saba, mwache aipime gharama mwenyewe. Kuanzia kumi na moja hivi, mpe wema usio na uso: aliyepanga viti kabla watu hawajafika, aliyepanda mti ambao wengine wanaukalia kivuli, aliyeandika kitabu akafa kabla msomaji hajazaliwa. Hawa ni wale wa tenda wema nenda zako, na kijana wa umri huo, anayeanza kuchoka kuambiwa mambo, hupenda kuwawinda kama mpelelezi.

Neno juu ya nyota za dhahabu na zawadi. Usimlipe mtoto kwa kutambua wema, wala kwa kuutenda. Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa miezi 18 huwasaidia watu wasio ndugu zao, kwa mfano kumwokotea mtu mzima kitu kilichomponyoka, bila kuahidiwa lolote. Mwaka 2008 waliwajaribu watoto wa miezi 20, wakakuta kwamba waliokuwa wamezawadiwa kitu kwa kusaidia walisaidia kidogo baadaye kuliko waliosifiwa kwa maneno au ambao hawakupewa chochote. Chati ya ukutani yenye nyota inalipa kile ambacho mtoto alikuwa tayari kukitoa bure.

Msamaria, kwa kuhesabu vitenzi

Kwa darasa la shule ya Jumapili la miaka saba hadi kumi, somo moja linalobeba haya yote ni Luka 10:30-35, habari ya Msamaria anayemsaidia mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi, baada ya kuhani na Mlawi kumpita. Wasiwe zaidi ya kumi na wawili, na muda uwe dakika 40. Kosa la kawaida ni kuliigiza papo hapo: nusu saa inaisha kwa kugombania nani awe mnyang'anyi.

Soma mara moja bila kusimama. Soma tena mstari wa 33 hadi 35 polepole, na kila wanaposikia Msamaria amefanya jambo, watoto wainue kidole kimoja. Alifika, akamwona, akamhurumia, akamkaribia, akamfunga jeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamtunza, na kesho yake akatoa dinari mbili, akamwagiza mwenye nyumba, akaahidi kulipa atakaporudi. Vidole vinaisha kabla vitenzi havijaisha. Waache wacheke, wahangaike na vidole vya jirani. Kuhani ana viwili tu vya maana: alimwona, akapita.

Sasa gharama. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kama Mathayo 20:2 inavyoonyesha, kwa hiyo mbili ni siku mbili za jasho. Usiishie hapo. Uliza: kama majeruhi yuko juu ya mnyama, Msamaria anasafiri vipi? Watakaa kimya kidogo, halafu mmoja atasema, "Kwa miguu!" Uliza nguo za kufungia jeraha zimetoka wapi. Maandiko hayasemi, nawe usiwaambie kwamba yanasema. Waache wakisie, na uwaambie ni kukisia.

Dakika kumi za mwisho kila mtoto aandike au achore mtu mmoja aliyemsaidia wiki hiyo, na chini yake kitenzi kimoja na gharama moja. Karatasi isibaki ukutani mwa darasa. Aipeleke kwa mwenyewe. Kwa wakubwa zaidi kuna Ruthu: katika 2:12 Boazi, mwenye shamba, anamwombea Ruthu, mjane mgeni aliyekuja kukimbilia chini ya mbawa za Mungu, na katika 3:9 Ruthu anamwomba Boazi huyo huyo amtandazie nguo yake. Kiebrania kinatumia neno moja, kanafu, kwa bawa na kwa pindo la vazi. Sala aliyoiomba Boazi imemrudia mkononi mwake mwenyewe. Vijana wa miaka kumi na tatu huliona hilo haraka kuliko walimu wao.

Somo hili linapoweza kumdhuru mtoto

Hapa naomba msomaji asiruke. Watoto wengi wanaodhulumiwa kingono hudhulumiwa na mtu wanayemfahamu, na mara nyingi mlango wa kuingilia huwa ni wema: zawadi, muda, sifa, kumsikiliza mtoto ambaye nyumbani hasikilizwi. Mtoto aliyefundishwa kwamba kila wema ni Mungu anayekuja kwake, na akaachwa hapo, ameondolewa kinga mwilini. Kwa hiyo fundisho la pili litolewe wiki ile ile ya la kwanza, lisingoje akue.

Mfundishe alama tatu za wema wa kutiliwa shaka. Unataka siri. Unadai kulipwa. Unamtenga na watu wake. Wema unaosema "usimwambie mama" umeshajitaja jina. Watoto watauliza kuhusu mshangao wa siku ya kuzaliwa, na wana haki ya kuuliza: mshangao una siku yake ya kufichuliwa, na wakubwa wengine wanaujua, siri mbaya haina mwisho na inajulikana na watu wawili tu. Mfanyishe mazoezi ya sauti, asimame, aseme "Nitamwambia mama," mara kadhaa, mpaka maneno yamtoke bila kutafutwa.

Nawe mzazi una vizuizi vyako. Usimwambie mtoto kuhusu mtu mzima fulani kwamba "huyu ametumwa na Mungu kwako" au "huyu ndiye malaika wako". Baraka uitaje kwa kitendo kilichokwisha kutendwa, usimpe mtu cheo cha kudumu. Usimlazimishe kumkumbatia au kumbusu aliyempa kitu. Asante ya mdomo inatosha, na anayekasirika kwa kukosa kukumbatiwa amekupa taarifa.

Hata pasipo uovu, kumpandisha mtu cheo huleta ajali. Matendo 14 inasimulia watu wa Listra waliowaita Barnaba na Paulo kuwa ni Zeu na Herme, miungu ya Kiyunani, wakaleta ng'ombe wa kuwachinjia. Mstari wa 19, umati ule ule umeshawishika, Paulo anapigwa mawe. Mtoto naye huenda hivyo: mwalimu aliyeitwa mkono wa Mungu Jumatatu akimfokea Alhamisi, kinachovunjika ni zaidi ya mwalimu. Mwambie mapema kwamba mtu aliyekutendea mema anaweza kesho kukukosea, na mema ya jana yakabaki mema.

Maswali watakayokuuliza

"Mbona yule hasali, na ni mwema?" Hili huja karibu na miaka minane, na jibu la woga ni kusema wema wake si wa kweli. Msamaria mwenyewe alikuwa wa dini iliyodharauliwa na wasikilizaji wa Yesu. Katika Matendo 28:2 wenyeji wa Malta, wasiojua lolote kuhusu Kristo, wanawawashia moto watu 276 waliovunjikiwa na chombo, na Luka anauita wema huo si wa kawaida. Katika Isaya 45 Mungu anamwambia Koreshi, mfalme wa Uajemi, kwamba amemtia nguvu ingawa Koreshi hakumjua. Mwambie mtoto: Mungu anaweza kupita kwa mtu asiyemjua. Lakini mzuie asiende kumtangazia jirani huyo kwamba alitumwa na Mungu wetu. Aende aseme asante. Jirani hakuomba kupewa kazi kwenye dini ya mtu.

"Mbona siku ile nilipoanguka hakuna aliyekuja?" Hili ndilo gumu. Kabla ya theolojia, uliza ilivyouma, na wapi. Kisha rudi kwa kuhani na Mlawi: walimwona. Wito ulikuwepo, miguu ikapita upande wa pili. "Mungu huwaita watu, na watu wanaweza kukataa" ni jibu ambalo mtoto wa miaka saba hulibeba. "Mungu alikuwa anakufundisha kitu" ni jibu atakalolibeba pia, kwa miaka mingi, na litamlemea. Ikiwa aliyepita siku hiyo ni wewe mwenyewe, sema hivyo, na uombe radhi kabla hujaendelea.

Ziko siku utauliza "Leo kuna mtu alikusaidia?" naye atajibu, "Hakuna." Amini. Usimtajie dereva, mpishi na mwalimu kumthibitishia kwamba amekosea. Hiyo ni kesi, naye ameshashindwa kabla ya kusikilizwa. Muulize kama kuna kitu anataka kukusimulia. Kama hakuna, mfunike, zima taa.